Mashine ikikwama, nani anaingia? Ulinganisho wa njia nne za kupanga mzigo kiwandani

Mwisho wa mkanda, pale katoni au mifuko inaposhuka ili ipangwe kwenye paleti (jukwaa la kubebea mzigo), ndipo viwanda vingi hapa kwetu huanza kufikiria kuleta mashine. Kazi ni nzito, haihitaji cheti, na vibarua hawadumu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unainuliwa, unapangwa, unafuata mwingine, mpaka shifti iishe. Mwenye kiwanda anaita wauzaji, na wauzaji wanakuja na video. Kwenye video roboti inainua, inageuka, inashusha. Sakafu inang'aa na hakuna mtu anayeonekana.

Usichokiona kwenye video hizo ni mfuko uliopasuka. Huoni katoni iliyolowa ikajikunja kwenye rola, wala umeme uliokatika paleti ikiwa nusu. Mambo hayo hutokea kila siku, na kila yanapotokea mtu huingia kuyanyoosha. Kwa hiyo naamini mtambo uchaguliwe kwa kuangalia dakika zile ulipokwama kuliko saa zile unapokwenda vizuri. Ukienda vizuri, njia zote nne ninazozilinganisha hapa zinafaa. Ukikwama, kuna njia ambayo mtu anarudi kazini baada ya dakika mbili, na kuna njia ambayo mtu anapelekwa hospitali.

Njia zenyewe ni hizi: roboti kubwa ndani ya uzio; koboti, yaani roboti ndogo iliyobuniwa kufanya kazi karibu na mtu; mashine ya nusu otomatiki inayosimama yenyewe na kumwita mtu; na vifaa vya kuinulia, ambavyo vinaiacha kazi mikononi mwa mtu ila vinamwondolea uzito.

Uzito kwanza

Uzito unaamua mengi kabla hujafungua katalogi. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubeba mwanamume mtu mzima. Wapo wanaolishika hilo mpaka leo na kusema mfuko wa kilo 50 hauna shida. Lakini hesabu ya kuinua mizigo iliyotolewa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanzia kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, mtu hajipindi, na hainui mara kwa mara. Kila hali inayoharibika inapunguza kilo. Sasa mtazame mpangaji wa paleti. Safu ya chini anainama hadi vifundoni, safu ya juu ananyanyua kupita mabega, na katikati ya hayo yote anajigeuza kiuno kwa sababu mkanda uko upande mmoja na paleti upande mwingine. Kwa hesabu hiyo mfuko wa kilo 50 hauna mkao wowote unaokubalika, na hata mfuko wa unga wa kilo 25 umeshavuka.

Kwa hiyo anayepanga mifuko ya kilo 50 kwa mikono mitupu hana chaguo la kubaki alivyo. Anachochagua ni njia ipi.

Roboti ndani ya uzio

Kwa mzigo mzito na kasi kubwa, hakuna kinachoifikia. Roboti za kupanga mizigo zinainua zaidi ya kilo 100 bila kutetereka na kupanga mifuko zaidi ya elfu moja kwa saa. Migongo inapona. Hilo ni jambo kubwa, na anayezipinga roboti bila kulitaja hatendi haki.

Tatizo linaanzia kwenye mlango wa uzio. Mlango una swichi: ukiufungua, nguvu ya roboti inakatwa. Ili kuwasha tena unatoka, unafunga, unabonyeza kitufe kilicho nje, unahakikisha hakuna mtu ndani, ndipo unaanzisha. Utaratibu ni mzuri. Lakini chukua kiwanda ambacho mifuko hupasuka mara tatu kwa saa kwa sababu ushonaji umelegea, na kila mara utaratibu huo unakula dakika nne. Supavaiza anaangalia hesabu ya shifti, opereta anamwangalia supavaiza. Haupiti muda mrefu utakuta kipande cha akiba cha swichi kimefungwa kwa waya mahali pake, roboti inaamini mlango umefungwa, na watu wanaingia na kutoka huku mkono unazunguka.

Ikitokea ajali, ripoti huandikwa kwamba mfanyakazi alikiuka utaratibu. Mimi sikubaliani na ripoti za namna hiyo. Aliyenunua mtambo ambao njia sahihi inachukua dakika nne na njia ya hatari inachukua nusu dakika, huyo ndiye aliyepanga matokeo. Na si tabia ya viwanda vyetu peke yake. Uchunguzi wa mifuko ya bima ya ajali kazini ya Ujerumani, uliotoka mwaka 2006, ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya vilinzi kwenye mashine za kazi za chuma vilikuwa vimechezewa, kwa muda au moja kwa moja. Kiwango cha kimataifa cha swichi za milango, ISO 14119, siku hizi kinamtaka mbunifu ajiulize mapema ni kitu gani kitakachomshawishi mtu kuikwepa swichi hiyo, kisha akiondoe.

Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha Ford cha kumimina vyuma huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi aliyeitwa Robert Williams, mwenye miaka 25, alipanda kwenye rafu kuchukua vyuma kwa mkono kwa sababu mtambo wa kuvitoa haukuwa ukifanya kazi sawasawa. Mkono wa roboti ulimpiga akafa. Ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti, na mwaka 1983 mahakama iliamuru familia yake ilipwe dola milioni 10. Roboti iliyomuua ilikuwa ikifanya kile ilichoagizwa. Yeye naye alikuwa akifanya kile ambacho kila mfanyakazi mwenye bidii hufanya kazi inapolala: kuisukuma iende.

Ukiamua kununua roboti ya uzio, basi pesa ya kwanza iweke nje ya uzio. Weka kipimo cha kukagua mifuko kabla haijafika kwa roboti, na kijia cha kuitupa pembeni iliyopasuka au isiyojaa. Mkanda wa kuingizia uwe unafikiwa na mtu bila kufungua mlango. Muulize muuzaji anategemea mtambo usimame mara ngapi kwa shifti, na katika hizo ni mara ngapi mtu atamaliza shida akiwa nje. Asipokuwa na jibu, hajawahi kukaa na mtambo wake shifti nzima.

Halafu umeme. Ukikatika, mfuko ulioshikwa kwa kunyonya upepo utadondoka. Vidole vya chuma vinavyopita chini ya mfuko vitaubakiza. Ukirudi, mtambo usianze wenyewe kwa hali yoyote. Usimame, umngoje mtu. Na huyo mtu aweze kuuambia kwenye skrini, "safu ya nne, mfuko wa tatu," uendelee pale ulipoishia, kwa Kiswahili kilichoandikwa vizuri. Kama kazi hiyo inahitaji fundi mwenye kompyuta kutoka ng'ambo, kila umeme unapokatika watu watashusha paleti nusu kwa mikono, ndani ya uzio, kwa haraka. Migongo uliyoikoa asubuhi unaivunja jioni.

Pesa nyingi peke yake hazimalizi mambo haya. Mwaka 2018 Tesla ilijaribu kujenga gari la Model 3 huko Fremont, California, kwa roboti nyingi kuliko ilivyozoeleka, na ikakwama vibaya hadi ikang'oa mtandao mzima wa mikanda. Mwezi Aprili mwaka huo Elon Musk alikiri hadharani kwamba otomatiki iliyozidi ilikuwa kosa lake na kwamba binadamu wanadharauliwa. Mfano alioutoa mwenyewe ni roboti iliyopewa kazi ya kuweka mikeka laini ya nyuzi za kioo juu ya betri. Ilishindwa kuishika, kwa sababu kitu laini hakina umbo la kutegemea. Baadaye wakagundua mikeka yenyewe haikuhitajika. Gunia lisilojaa vizuri lina tabia hiyohiyo ya kukosa umbo, na kabla ya kununua mkono wa kulishika ni busara kuuliza kwa nini halijai.

Koboti

Kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, iliuza koboti yake ya kwanza mwaka 2008. Viungo vyake vinahisi nguvu, ikikugusa inasimama. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo kuliko mtambo kamili wa uzio, na unaweza kuifundisha kwa kuushika mkono wake na kuupeleka unakotaka. BMW ilianza kutumia koboti za aina hiyo huko Spartanburg, South Carolina, mwaka 2013, kukandamiza utando wa kuzuia maji ndani ya milango ya magari. Kazi hiyo ilikuwa ikiumiza viwiko, hata watu wakalazimika kupokezana.

Wauzaji huwa wanapita haraka kwenye mambo matatu.

La kwanza ni uzito. Nyingi zinabeba kati ya kilo 5 na 20, na chache zinafika 30. Hesabu hiyo inajumuisha na kishikio chenyewe. Koboti ya kilo 20 yenye kishikio cha kilo 5 inabeba katoni ya kilo 15. Mfuko wa kilo 50 usahau.

La pili ni kasi. Ili isimuumize mtu inabidi iende polepole anapokuwa karibu. Kwa mkanda unaotoa katoni chache kwa dakika inatosha; kwa mkanda wa kasi haitoshi, na ukiiongeza kasi inakuwa roboti ya kawaida iliyokosa uzio.

La tatu ndilo ninaloliona watu wengi hawalitambui: ule msemo kwamba koboti haihitaji uzio. Waraka wa kimataifa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016 umeorodhesha sehemu 29 za mwili na nguvu ambayo kila moja inaweza kuhimili ikiguswa. Uso na fuvu haviruhusiwi kuguswa kabisa. Fikiria paleti: safu ya kwanza na ya pili katoni zinapita usawa wa magoti na kiuno. Safu za juu zinapita usawa wa uso wa mtu. Katoni ina kona, na ina kilo zake. Mkono wa koboti unaweza kuwa salama, lakini mkono wenye katoni mbele ya uso ni habari nyingine. Kwa kupanga paleti, basi, karibu kila mara utahitaji skana ya leza karibu na sakafu inayoona mtu anakuja, ikaipunguza kasi kwanza, kisha ikaisimamisha. Bei ya skana iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo, isije ikawa ndiyo inayokatwa bajeti ikibana.

Pamoja na hayo, kwenye kukwama koboti inaishinda ya uzio waziwazi. Katoni imeanguka: dada anayesimamia anasogea, mkono unasimama, anaokota, anarudi nyuma, mkono unaendelea. Hakuna mlango wala utaratibu wa dakika nne, na kwa hiyo hakuna cha kukwepa. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko bei.

Ila uangalie mahali pa kuiweka. Ukiiweka kwenye kipito cha troli na foklifti, skana itaona watu kutwa nzima na koboti itasimama kutwa nzima. Hapo tutarudi kulekule: kuna siku mtu atapunguza eneo la skana ili kazi iende.

Mashine inayosimama na kuita

Njia hii ni ya zamani kuliko roboti. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda na mwanawe Kiichiro walikamilisha huko Japani mtambo wa kufumia nguo uliosimama wenyewe uzi ulipokatika. Kwa mtambo usiojisimamisha mfumaji alilazimika kukodolea macho mtambo mmoja, maana uzi ukikatika bila kuonekana nguo iliyofumwa yote inaharibika. Mtambo ulipoanza kujisimamisha, mtu mmoja akaweza kuangalia mingi. Toyota ya magari ililichukua wazo hilo ikalipeleka kwa watu: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wa timu anakuja, na wasipoitatua kabla gari halijafika mwisho wa eneo lao, mkanda unasimama.

Kwenye kufungasha kwetu njia hii ina sura ya kawaida tu. Kuna mashine ya kukunjua katoni, mashine ya kujaza, mashine ya kubandika utepe. Kila moja ina sensa zake na nguzo ya taa ya kijani, njano na nyekundu. Mtu analisha katoni, anakagua, anapanga. Mashine ikihisi jambo limekwenda kombo inasimama papo hapo, inawasha taa, inamwachia mtu kazi ya kufikiri. Fundi umeme wa kawaida anaielewa. Vipuri vyake vingi unavipata Gerezani, Dar es Salaam, au Industrial Area, Nairobi, bila kungoja meli.

Hata hii ina mtego wake, nao uko kwenye upepo wa kompresa, ule unaosukuma silinda za mashine. Katoni imekwama kwenye mashine ya kukunjua. Silinda ilikuwa ikiisukuma, haikufika mwisho, sensa haikuguswa, mashine imesimama, taa nyekundu inawaka. Opereta anafungua kifuniko; swichi inakata umeme, na kila kitu kimenyamaza. Lakini ndani ya silinda upepo wa kompresa bado umejaa, na kinachoizuia isisogee ni ile katoni. Anaishika katoni na kuivuta. Katoni inatoka, silinda inamaliza safari yake kwa kishindo, na vidole viko njiani.

Dawa yake ni vali inayotoa upepo wote mara kifuniko kinapofunguliwa, na geji iliyo mahali opereta anapoiona ikirudi sifuri kabla hajaingiza mkono. Pale ambapo upepo ndio ulioshikilia kitu kisianguke, weka pini ya chuma ya kukizuia, la sivyo ukitoa upepo unakiangusha. Bei ya vali hiyo ukiilinganisha na bei ya mashine ni ndogo mno, na bado mashine nyingi zilizotumika zinazoingia bandarini hazina. Ukinunua mtumba, hicho ndicho kitu cha kwanza kukagua.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kuinua kunabaki kwa mtu, na mtu anaweza kugeuka mlishaji wa mashine anayekimbizana nayo. Hilo linapunguzwa na meza au rola ndefu kati ya mashine na mtu, yenye nafasi ya kazi ya dakika kadhaa. Volvo walipofungua kiwanda cha Kalmar, Sweden, mwaka 1974, waliacha nafasi za namna hiyo kati ya timu na timu, ili timu iweze kujiharakisha ikapumzika kidogo bila kuwasimamisha wengine. Mashine inaendelea, mtu anakunywa maji, hakuna aliyepoteza kitu. Wauzaji huiondoa meza hiyo ili mtambo uonekane mfupi kwenye mchoro. Irudishe.

Vifaa vya kuinulia

Hapa maneno ni machache kwa sababu kifaa chenyewe ni rahisi. Meza yenye chemchemi inayoshuka kadiri mzigo unavyoongezeka, na sahani juu yake inayozunguka, inamwezesha mpangaji kufanya kazi yote usawa wa kiuno bila kuzunguka paleti. Bomba la kunyonya linaloning'inia kwenye reli linainua mfuko wa kilo 50 na mtu anauongoza tu. Uliza lina vali ya kuzuia mfuko usianguke ghafla umeme ukikatika. Linapaswa kuushusha taratibu.

Kikwazo chake ni muda. Kijana mwenye nguvu anapanga haraka zaidi kwa mikono kuliko kwa bomba, angalau saa za kwanza. Ukinunua bomba na kuacha lengo la shifti lilelile, bomba litaning'inia bila kazi na migongo itaendelea kuumia. Punguza lengo au ongeza bomba la pili. Kwa kiwanda kinachopanga mifuko mia chache kwa shifti, hiki ndicho ningenunua mwanzo, kabla ya kitu kingine chochote.

Nani anashika kasi

Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva kwa dola milioni 775, ili roboti zilete rafu kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kutembea maghala mazima. Kwa mtazamo wa haraka ni huruma: kutembea kote kule kumeondoka. Lakini Septemba 2020 waandishi wa shirika la Reveal walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za ndani za kampuni hiyo za 2016 hadi 2019, ukionyesha kwamba maghala yenye roboti yalikuwa na kiwango cha majeraha makubwa kilichozidi maghala ya kawaida kwa asilimia 50 hivi. Tatizo halikuwa roboti kugonga watu. Malengo ya vitu vya kuchukua kwa saa yalipanda, na kule kutembea, ambako kulikuwa pia kupumzisha mabega, kukaondoka.

Kwa hiyo kwenye njia yoyote kati ya hizi nne, uliza swali hili kabla ya kusaini: mtu aliye mwisho wa mkanda ana kitufe cha kupunguza kasi ya mkanda uende polepole, au ana kile chekundu cha dharura peke yake? Mtu mwenye kitufe chekundu tu anaogopa kukibonyeza.

Jambo jingine linalosahaulika ni ujuzi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, alieleza mwaka 1983 kwamba otomatiki humwachia binadamu yale magumu ambayo mbunifu hakuweza kuyafanya, na wakati huohuo inamnyima mazoezi ya kila siku ambayo yangemwezesha kuyamudu. Anayetazama skrini miaka miwili hawezi kukumbuka namna ya kupanga paleti isiyoanguka barabarani. Njia ya kwanza inapoteza ujuzi huo zaidi kuliko zote, ya nne haipotezi kabisa. Ndiyo maana hata anayenunua roboti kubwa namshauri abaki na bomba moja la kuinulia na meza yake, na watu wake wavitumie mara kwa mara. Roboti ikiharibika wiki mbili ikisubiri kipuri, kiwanda hakifungwi na mgongo hauvunjiki.

Wanaopunguzwa, na wanaojua

Hesabu ya mashine isiyo na gharama ya kupunguza watu haijakamilika. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza, na malipo ya kiinua mgongo ni mshahara wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka. Njia ya kwanza ndiyo inayogusa vifungu hivi zaidi. Ya nne karibu haivigusi.

Mashauriano yenyewe nayo yana faida kwa mtambo. Anayejua katoni gani hulowa, mfuko upi hupasuka kwenye kona na saa ngapi umeme huyumba ni kibarua wa mwisho wa mkanda, na mara nyingi ndiye asiyeitwa kwenye kikao. Kericho, Kenya, inatukumbusha upande wa pili wa kutoita watu. Wachumaji wa chai walishagoma mwaka 2010 kupinga mashine za kuchumia, na Mei 2023 waandamanaji wakachoma moto mashine kadhaa mashambani. Mashine hizo zilinunuliwa kwa hesabu ya kilo kwa siku, na waliokuwa wakizichuma kilo hizo kwa mikono hawakuwa sehemu ya hesabu.

Kwa hali yako

Mifuko ya kilo 50, mamia kwa saa, mwaka mzima, umeme wa kuaminika au jenereta ya kutosha: roboti ya uzio, ila na ukaguzi wa mifuko nje ya mlango, skrini ya Kiswahili, na fundi wako mwenyewe aliyefundishwa kabla ya kuwashwa. Kama huwezi kulipia hayo matatu, usinunue hiyo roboti bado.

Mifuko ya uzito huohuo lakini kiasi kidogo, au msimu kwa msimu kama korosho na sukari: vifaa vya kuinulia. Msimu ukiisha mashine haidai riba.

Katoni za kilo 10 hadi 15, kasi ya wastani, nafasi finyu, bidhaa zinazobadilika kila wiki: koboti yenye skana, mbali na kipito cha troli.

Bidhaa nyepesi, mafundi wazuri wa hapahapa, bajeti ndogo: mashine za nusu otomatiki, moja baada ya nyingine, ukianza na ile inayofanya kazi chafu au ya kujirudia zaidi. Kwa viwanda vya kati vya Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi naona hapa ndipo pa kuanzia, pamoja na meza ya chemchemi mwishoni mwa mkanda. Vikishakua, mashine hizo hazitupwi. Roboti inaweza kuja kukaa mbele yake.

Yoyote utakayoichagua, andika kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtambo ujaribiwe kwako, na katoni zako zilizolowa, mifuko yako iliyoshonwa vibaya, na opereta wako wa zamu ya usiku. Mpe muuzaji orodha ya namna tano mtambo unavyoweza kukwama. Zima umeme mkuu katikati ya kazi, uuwashe tena. Kisha muuzaji akae pembeni asiguse kitu, na saa ihesabu opereta wako anachukua muda gani kuurudisha kazini kwa njia sahihi. Kama kuna njia ya mkato iliyo fupi zaidi ya hiyo, opereta ataiona siku hiyohiyo. Mwambie akuonyeshe, na muuzaji airekebishe kabla hajalipwa.